Simu ya Macho Manne

Kwa miaka arobaini na mmoja, Zadock Obonyo hakugusa injini ya boti ya mtu kabla ya kumuuliza swali moja: "Mzigo wako ni gani?" Hakuuliza jina, wala mtu ametoka ufuo upi. Mzigo tu. Kama ni nyavu na watu watatu, injini ndogo inatosha. Kama ni mchanga, hiyo ni habari nyingine. Pale Usenge swali hilo lilimfuata mpaka likawa mzaha. Kijana akienda kuposa, wenzake walimwambia apitie kwanza kwa Fundi Zadock aulizwe mzigo wake.

Wakati mmoja mvuvi aitwaye Obiero, mtu wa majivuno, alimwambia atabeba abiria wawili watatu, kumbe alikuwa ameahidi watu kuwavushia mawe ya ujenzi. Injini ikaungua katikati ya maji. Obiero akarudi akipiga kasia, viganja vimejaa malengelenge, akaja kulalamika. Zadock hakumwonea huruma hata kidogo.

"Injini haina kosa," alimwambia mbele ya watu. "Wewe ndiye uliyeidanganya."

Mwezi wa pili mwaka huu, Selpha, mke wake, alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Ugonjwa ulikuwa kooni. Daktari alimvuta Zadock kando, akamweleza taratibu kwamba kilichobaki ni dawa ya maumivu na kukaa naye karibu.

"Muda gani?" Zadock aliuliza.

"Wiki kadhaa, Mzee. Ikizidi sana, miezi miwili."

Kitanda cha Selpha hakikurudishwa chumbani. Aliyemuuguza alikuwa Caren, mke wa mwana wao Oluoch, na kwa desturi yao mke wa mwana haingii chumba cha kulala cha wakwe zake. Basi kitanda kikawekwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na meza ya redio. Madirisha ya sebule yalikuwa madogo, tena yalifungwa na kuvutwa mapazia, kwa kuwa upepo wa ziwa ukiingia tu Selpha alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa nyumba ya nusu giza kuanzia asubuhi hadi jioni.

Humo ndani ya nusu giza, Zadock aliona uso wa mkewe ukiondoka. Mashavu yalitangulia. Halafu nyama ya chini ya macho. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda akamtazama kama mtu anayetazama maji yakishuka ufuoni na kuacha mawe wazi. Akatambua kwamba, ukiacha ile ya kitambulisho, hana picha yake hata moja.

Picha iliwahi kuwepo. Mwaka wa sabini na nne, miezi michache baada ya harusi, alimpeleka Kisumu kwa mpiga picha mmoja, mtu wa tai na mafuta ya nywele. Selpha alikuwa msichana wa kucheka ovyo. Akakaa kwenye kiti, akamtazama mumewe, akacheka. Mpiga picha akashusha mkono. "Mama, funga mdomo. Hilo pengo litaharibu picha." Selpha alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwisho wa kijiji chao kung'olewa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa kawaida ya wazee. Nyumbani lilikuwa jambo la heshima. Pale studio likawa pengo. Alifunga mdomo. Zadock alisimama pembeni na suti ya kuazima, akatikisa kichwa kukubaliana na mpiga picha, kwa sababu mtu yule alikuwa na tai.

Tangu siku hiyo Selpha hakucheka bila kuinua mkono wa kulia na kufunika mdomo. Na kila akiona kamera alikaza uso. Picha ya studio yenyewe iliharibika ziwa lilipopanda na kuingia nyumba yao ya zamani. Albamu zote zikawa uji. Iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, ambamo Selpha anaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi. Zadock alikuwa amehudhuria mazishi mengi ambako picha ya kitambulisho ilikuzwa ikabandikwa juu ya jeneza, na waombolezaji wakampita marehemu kama wanapita mshtakiwa. Aliapa kwamba Selpha hatazikwa hivyo. Angepata picha yake moja akicheka, mdomo wazi. Deni hilo lilikuwa lake mwenyewe kwa mkewe, miaka hamsini sasa.

Lakini jambo hilo hakuweza kulisema. Kwa watu wake, kumtafutia mtu aliye hai picha ya mazishi ni kama kuanza kuchimba kaburi huku yeye bado anakunywa uji ndani. Hata Caren hakumwambia. Alisema tu kwamba simu yake ya zamani, ile ndogo ya vibonyezo na tochi, imezeeka, na dunia imebadilika.

Akafanya kama alivyozoea tangu enzi za masomo ya ngumbaru: alinunua daftari. Kwa juma zima aliwauliza watu wenye simu kubwa pale sokoni, akaandika. Betri. Kamera. Memori. Kioo. Chini ya kila neno aliweka maelezo kwa kalamu ya bluu. Alipohisi ameelewa, alivaa koti, akasafiri hadi Kondele, mjini Kisumu.

Duka lilikuwa la msichana mmoja kutoka Bungoma, Becky Nabututu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Upande mmoja aliuza simu, upande wa pili alikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapa picha.

"Karibu Mzee wangu! Tunatafuta gani leo?"

"Simu ya kupiga picha. Rangi usinionyeshe. Nionyeshe vyombo vya ndani."

"Wacha! Leo nimeletewa mtihani." Becky akaliona daftari, akacheka, lakini akavuta kiti akaketi, jambo ambalo Zadock alilipenda. Akaweka simu mbili juu ya kioo cha kaunta.

Zadock akavaa miwani. "Hii ni megapikseli mia na nane. Hii nyingine ni hamsini. Kwa nini bei ni moja?"

"Hapo ndipo watu huanguka, Mzee. Megapikseli ni kama sufuria. Unaweza kuwa na sufuria mia na nane jikoni, lakini kama hakuna moto utapika nini? Moto wa kamera ni mwanga. Hii ya hamsini jicho lake ni kubwa, linakula mwanga vizuri. Hata nyumba iko na giza giza, inaona. Na iko na kitu ndani ya kushikilia kamera, mkono ukitetemeka picha inatulia."

"Ubaya wake?"

"Ilishatumika huko ng'ambo. Betri imechoka, ikifika saa nane mchana imekufa. Na mgongo ni kioo. Ikianguka, pole yako."

"Na hii ya macho manne?"

"Hii ni mpya. Betri ni kama ya trekta, siku mbili. Kioo kikubwa, utasoma bila miwani. Mgongo plastiki ngumu. Spika, usiseme, utaita watu kanisani na hiyo. Lakini kwa giza haiwezi. Na macho manne, mawili ni ya urembo tu. Nakuambia ukweli juu ya vile wewe ni kama babu yangu."

"Hakuna yenye yote?"

"Iko. Lakini hiyo ni ya waheshimiwa."

Zadock alizipima mkononi, moja kulia, nyingine kushoto, kama alivyopima pistoni. Ile ya hamsini ilikuwa nyembamba na nzito kidogo, pembe zake zimechakaa kwa vidole vya mtu asiyemjua. Ile mpya ilimeremeta mgongoni kama gamba la sangara. Moyo wake ulikwenda kwa ile iliyochakaa. Aliiona sebule yake na mapazia yake.

"Sasa niambie, Mzee," Becky akasema. "Unataka kupiga picha ya nini?"

Alilitambua swali hilo kama mtu anavyotambua sauti yake mwenyewe. Akafungua mdomo. Mlangoni, mwanamume aliyekuwa akingojea simu yake iliyokuwa kwenye chaji aligeuka, akatabasamu. Alikuwa Okinyi, mnunuzi wa samaki, mtu wa Usenge, mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Maboti," Zadock alisema.

"Nje ama ndani?"

"Wewe umewahi kuona boti ndani ya nyumba?"

Okinyi akacheka kwa sauti, na Becky pia akacheka. "Sawa, umenishinda. Na mkono wako unatulia? Hebu nione."

Zadock aliingiza mikono mfukoni. Miaka arobaini ya injini ilikuwa imeiachia mtetemo mdogo usiokwisha, kama injini yenyewe bado inanguruma kwa mbali ndani ya mifupa. "Mkono huu ulifunga skrubu kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi Mzee wangu, chukua hii mpya. Boti, jua, mkono wa chuma. Hautajuta."

Akaichukua.

Siku tatu alihangaika nayo. Ya kwanza, alimpiga Selpha picha akiwa usingizini, na kwenye kioo akatokea mwanamke wa nta, laini, bila mkunjo hata mmoja, ngozi kama ya mtoto wa tangazo la sabuni. Zadock alishtuka. Alitafuta ndani ya simu nusu siku nzima akafumania kitu kinachoitwa urembo, kimewashwa bila yeye kuulizwa. Akakizima. Mikunjo ikarudi, lakini ikarudi na ukungu. Picha zote za sebuleni zilikuwa na chembechembe kama omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa, na uso ukavutika upande kila mkono wake ulipotetemeka. Alijaribu kuegemeza kiwiko kwenye kabati. Alijaribu kuwasha taa ya simu; ikamchoma Selpha machoni, akageukia ukuta. Alijaribu kufungua dirisha kidogo, akisingizia joto. Kikohozi kilichofuata kilimfanya Caren aje mbio kutoka jikoni, amtazame mkwe wake, kisha afunge dirisha.

Zaidi ya hayo, hapakuwa na kicheko cha kupiga picha.

Siku ya nne asubuhi, Selpha alizungumza bila kufumbua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo tu.

"Baba Oluoch. Hiyo kitu ina macho mangapi?"

"Manne."

"Na yote hayanioni?"

Zadock akaweka simu magotini.

"Siku ya nne sasa unanivizia kama kuku wa mgeni," Selpha akasema. "Unafikiri sijui? Umeninunulia simu ya kunizikia."

"Hapana, Mama Oluoch. Ni ya... ni ya maboti."

"Maboti." Akafumbua macho. Katika uso ule uliobaki mifupa, macho yalikuwa yaleyale. "Yule aliyekuuzia, alikuuliza mzigo wako?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Selpha akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika, mkono wa kulia ukapanda taratibu juu ya blanketi hadi mdomoni, naye akacheka, kicheko kisicho na sauti. "Obiero," alinong'ona nyuma ya vidole. "Obiero na mawe yake." Zadock aliinua simu haraka. Akabonyeza. Kilichotoka kilikuwa kivuli cheupe juu ya giza.

Kicheko kikageuka kikohozi. Kilipopita, Selpha akasema, "Nipelekeni nje."

"Utaumia."

"Naumia hapa pia. Nipelekeni penye jua."

Zadock na Caren walimketisha kwenye kiti cha mbao chenye mikono, wakamfunga kwa leso asiteleze, wakakinyanyua kila mmoja upande wake. Hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililomuumiza Zadock kuliko kuguna kwa mkewe walipovuka kizingiti: kwamba yeye, mzee wa miaka sabini na minne, angeweza kukibeba kiti kile peke yake. Wakamweka uani, karibu na nyavu za omena. Ilikuwa saa nne. Jua lilikuwa limetanda kila mahali, na harufu ya samaki mkavu ilikuja na upepo. Caren akamfunga kitambaa kichwani upya. Selpha akakohoa, akangoja, akanyoosha shingo.

"Haya. Piga."

Zadock aliinua simu. Sasa iliona kila kitu: uzi uliotoka kwenye kitambaa, kovu la utotoni juu ya nyusi, hata vumbi kwenye kope. Ilikuwa mashine nzuri, ikipewa kazi yake. Lakini mbele ya macho manne Selpha alikaza uso kama alivyofanya tangu mwaka wa sabini na nne. Mdomo mstari mmoja. Mshtakiwa.

"Cheka kidogo, Mama Oluoch."

"Nicheke nini?"

"Fungua mdomo. Nataka... nataka pengo lionekane."

Akamtazama mumewe kwa mshangao. Caren akageuka akaangalia nyavu.

"Leo unalitaka?" Selpha aliuliza.

"Hata siku ile nililitaka. Sikusema."

Selpha akajaribu. Zadock aliona midomo ikitengana, ikitetemeka, ikijaribu kukumbuka. Na ikashindwa, ikafungana tena. Alikuwa amechoka. Kichwa kilianza kulala upande. "Siwezi kuagizwa kicheko, Baba Oluoch," akasema.

Wakati huo huo simu ikalia. Alikuwa Oluoch anapiga kutoka Eldoret, naye Zadock hakuwahi kujua namna ya kupunguza ile spika. Ilipasuka mikononi mwake kama honi ya lori. Kuku wakatawanyika, mbuzi wa jirani akakata kamba, na Zadock mwenyewe akaruka, akairusha simu juu, akaidaka, ikamponyoka, akaidaka tena kifuani kama mtu anayekamata samaki hai. Alipoinua macho, Selpha alikuwa anacheka. Alicheka kwa uso mzima, kichwa nyuma, kama msichana wa kiti cha studio. Zadock alikata simu ya mwanawe, kamera ikarudi, akabonyeza.

Lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshafika.

"Baba," Caren alisema polepole, akichungulia kioo. "Mkono umefunika mdomo. Tupige nyingine?"

Zadock alimtazama Selpha. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo, na macho yamefumba.

"Turudi ndani," alisema.

Selpha alifariki siku ya tisa baada ya hapo, mchana, Caren akimlowesha midomo kwa pamba. Hakutolewa nje tena akiwa hai.

Zadock alirudi Kondele amevaa koti lilelile. Becky alimtambua. "Mzee wa maboti! Imeleta shida?"

"Nataka kuchapa picha. Ya mazishi, Jumamosi." Watu walikuwepo dukani, hakuwaangalia. "Ni ya mke wangu. Alikuwa mgonjwa, ndani ya nyumba yenye giza. Na mkono wangu unatetemeka. Ungepaswa kunipa ile nyingine. Sikukwambia."

Becky akaipokea simu kwa mikono miwili, akaihamishia picha kwenye kompyuta, ikajaa kioo kizima. Akaitazama muda.

"Woi, Mzee. Alikuwa anacheka."

"Ndiyo."

Akafuta jicho kwa kiganja, kisha akataka kusaidia kwa namna aliyoijua. "Siku hizi kuna programu, Mzee. Naweza kutoa huo mkono. Inachora mdomo hapo chini, huwezi kujua. Inaweka hata meno. Yote, mazuri."

"Yote?"

"Yote, juu na chini."

Zadock alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa mbele ya watu wenye ujuzi. Alikuwa amefanya hivyo mara moja, mbele ya mtu wa tai.

"Hapana," akasema. "Acha mkono ulivyo."

Jumamosi wengi walinung'unika. Mchungaji alimuuliza Caren kama familia haikuwa na picha nyingine. Okinyi alisema wazi kwamba marehemu amefichwa uso kwenye mazishi yake mwenyewe. Zadock aliwasikia wote, akamzika mkewe.

Watu walipotawanyika, alikaa uani kwenye kiti kile cha mbao. Betri ilikuwa bado imejaa. Ilikuwa betri nzuri. Alifungua picha, akaikuza kwa vidole viwili, polepole, kama alivyofundishwa. Jua la saa nne lilikuwa limeandika kila kitu: mikunjo ya mgongo wa mkono, alama nyembamba ya nyuzi za nyavu kwenye kidole cha shahada, gamba moja dogo la samaki la zamani sana, limegeuka kovu chini ya ukucha. Akaikuza tena, mpaka mkono wa Selpha ukajaza kioo chote. Akaendelea kuvuta, akitafuta nafasi kati ya kidole na kidole, mpaka ngozi ikawa vipande vidogo vya rangi ya udongo, na hata hivyo hakuacha kuvuta.